Milango isiyofunguka katika kanisa la zamani: jibu kwa mzee wa kanisa wa Ohio

Swali: Sisi ni ushirika wa Waswahili, watu kama 180 pamoja na watoto. Tunaabudu katika kanisa la Kimethodisti lililojengwa mwaka 1897, viungani mwa jiji moja la Ohio. Wenyeji wetu wamebaki wazee wachache. Wametuambia tulitumie jengo zima na tusaidiane gharama. Ukumbi wa ibada una mabenchi yaliyopinda, sakafu inateremka, na mimbari iko kwenye kona. Upande mmoja kuna milango mirefu ya mbao isiyofunguka. Nyuma yake upo ukumbi wa nusu duara uliozungukwa na vyumba vidogo, chini na juu. Kamati yetu ya ujenzi inataka kuvunja milango na vyumba tupate ukumbi mmoja mkubwa, kuondoa mabenchi, na kutandika zulia kwa sababu sauti inavuma. Pia paa linavuja mahali fulani. Kwa nini walijenga hivi, na tuanzie wapi?

Jibu: Ndugu mzee, iambieni kamati iweke nyundo chini kwanza. Huo ukumbi mmoja mkubwa mnaoutaka mnao tayari, ila umefungwa. Milango hiyo ilitengenezwa ili pande mbili za jengo ziwe kitu kimoja siku mnayotaka, na ziwe vyumba kumi siku nyingine. Kabla ya kumlipa mtu wa kubomoa, mlipeni seremala wa kufungua.

Jengo la namna hii lina jina. Huitwa mpango wa Akron, kwa sababu ulianzia katika jiji la Akron, hapo hapo Ohio. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Wamethodisti wa Akron walikuwa wanajenga kanisa jipya. Msimamizi wa Shule yao ya Jumapili alikuwa Lewis Miller, mwenye kiwanda cha mashine za kilimo. Yeye na msanifu Jacob Snyder waliweka uwanja wa wazi katikati, na kuuzunguka, sakafuni na kwenye roshani, wakapanga madarasa yanayotazama mahali pamoja kama vipande vya chungwa. Kila darasa lilikuwa na mlango wa kukunja au wa kuteleza upande wa katikati. Msimamizi akiwa mezani kwake aliliona kila darasa bila kupiga hatua.

Asubuhi ilikwenda hivi: milango iko wazi, wote wanaimba na kuomba pamoja, kengele inalia, milango inafungwa, kila mwalimu anabaki na watoto wake, kengele inalia tena, milango inafunguliwa, na wote wanarudi kuhitimisha bila mtu kuondoka kwenye kiti chake. Hakukuwa na dakika kumi za watoto kukimbizana kwenye ngazi. Mpango huu ulipata nguvu zaidi mwaka 1872, makanisa mengi ya Kiprotestanti ya Marekani yalipokubaliana kutumia somo moja kwa Jumapili moja: mtoto wa miaka sita na bibi yake walisoma kifungu kile kile, kila mmoja kwa kiwango chake. Kukutana mwanzo na mwisho kulikuwa na maana, maana wote walitoka kwenye habari moja.

Baadaye, kuanzia mwaka 1908, yakaja masomo yaliyogawanywa kwa umri. Kila darasa likawa na somo lake, na walimu wakataka kuta halisi na utulivu. Makanisa mengi yakapiga misumari kwenye milango, mengine yakatandika sakafu ya pili juu ya uwanja wa katikati. Kwa hiyo milango yenu haifunguki pengine si kwa sababu ni mibovu. Ilikosa mtu wa kuihitaji.

Tazameni maisha yenu ya Jumapili yalivyo: watoto wanaimba na wakubwa, kisha wanatoka, vijana wana kikao chao, akina mama wana chao, kwaya mbili zinataka mazoezi saa moja, halafu wote mnataka kuwa pamoja kwenye chakula au kwenye harusi. Hiyo ndiyo kazi ambayo jengo hili lilitengenezwa kuifanya. Mkilifanya kuwa ukumbi mtupu, mwaka unaofuata mtaanza kuchanga pesa za kujenga vyumba.

Sasa ukumbi wa ibada. Mabenchi yaliyopinda na sakafu inayoteremka vimetoka kwenye jumba la maonyesho, na waliojenga hawakuona aibu. Mwaka 1832 mhubiri Charles Finney alianza kuhubiri New York katika jumba la maonyesho lililogeuzwa kanisa, na mwaka 1836 akafunguliwa Broadway Tabernacle, kanisa lenye viti vilivyomzunguka mhubiri. Waprotestanti walitaka kila mtu aone na asikie neno. Christopher Wren, msanifu wa makanisa ya London, aliandika mwaka 1711 kwamba sauti ya wastani ya mhubiri husikika futi 50 mbele yake, futi 30 kila upande, na futi 20 nyuma yake. Pimeni kutoka mimbari yenu hadi benchi la mwisho. Katika makanisa mengi ya aina hii mtakuta umbali haupishani sana na futi hizo 50, na hiyo si bahati.

Mimbari ya kona ina sababu ya mtaani. Tramu za umeme, yaani treni ndogo za barabarani, zilienea baada ya mwaka 1888, zilipofaulu Richmond, Virginia, na viunga vikajengwa kando ya reli zake. Kanisa lilichukua kiwanja cha pembeni, njia mbili zinapokutana, mnara ukakaa kwenye kona na mlango chini ya mnara. Ukiingia kwa kona, kinachokaa sawa mbele yako ni kona ya pili. Ndiyo maana pia hamna maegesho: watu walikuja kwa tramu na kwa miguu.

Kuifungua milango

Kwanza jueni ni milango ya aina gani, maana ziko tatu, na kila moja inaharibika kwa njia yake.

Ya kwanza ni mbao pana zilizounganishwa kwa bawaba, zinaning'inia kwenye reli ya juu na kujikunja pembeni. Ya pili ni vipande vyembamba vya mbao vinavyojiviringisha kama mkeka ndani ya sanduku refu lililo juu ya uwazi. Ya tatu ni paneli zinazopanda juu na kujificha ndani ya ukuta, zikisaidiwa na vyuma vya uzito vilivyofungwa kwa kamba, kama madirisha ya zamani ya kupandisha. Mkiona sanduku juu, ni ya mkeka. Mkiona nyufa nyembamba za wima pembeni mwa fremu na gurudumu dogo la kamba, ni ya kupanda. Kama hakuna hata kimoja, tafuteni reli.

Msilazimishe chochote. Chukueni sumaku ndogo mkaipitishe polepole kwenye kingo zote: itanasa kwenye misumari na skrubu zilizofichwa na rangi. Kila mnapoipata, wekeni alama kwa chaki. Kisha rangi iliyoziba nyufa ikatwe kwa kisu chembamba. Hapa kuna hatari ya kweli: rangi ya jengo la umri huu karibu hakika ina madini ya risasi, na vumbi lake huumiza ubongo wa mtoto mdogo. Rangi iloweshwe kwa maji kabla ya kukatwa, sakafu itandikwe plastiki, watoto wasiwepo siku hiyo, na mabaki yafutwe kwa kitambaa kibichi. Msikwangue rangi kavu wala kuisugua kwa mashine.

Kabla ya kumlaumu seremala kwamba mlango bado umekwama, pimeni boriti iliyo juu ya uwazi. Vuteni uzi wa nailoni kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, uukaze, mpime nafasi kati ya uzi na boriti katikati. Kipimo kinachotumika sana ni urefu ugawanywe kwa 360: uwazi wa futi 24, yaani inchi 288, hauvumilii kupinda zaidi ya inchi 0.8. Ikiwa boriti imepinda inchi moja na nusu, basi milango imekuwa nguzo bila kuombwa. Inabeba boriti. Fundi akipiga randa ncha za juu ili milango ipite, boriti itaifuata chini. Kamati ikiing'oa, huenda boriti ikashuka siku ile ile pamoja na dari na roshani iliyo juu yake. Huyo si seremala tena, ni mhandisi wa miundo, na boriti huinuliwa kwa jeki kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, si kwa asubuhi moja, la sivyo lipu ya dari itapasuka yote.

Boriti ikiwa salama, kazi inakuwa nyepesi. Kwa milango ya reli: safisheni reli kwa brashi ya waya, kazeni skrubu za magurudumu, pakeni nta ya mshumaa. Msipake grisi, maana hukusanya vumbi na baada ya miezi michache mtarudi mlipoanza.

Kwa milango ya kupanda, siri iko kwenye uzito. Paneli na vyuma vyake lazima vilingane: paneli ya ratili 120 huhitaji vyuma viwili vya ratili 60. Mara nyingi vioo vya zamani vimevunjika, na mtu akaziba kwa mbao nyepesi. Paneli imepungua uzito, vyuma vimebaki vile vile, na ukiifungua paneli inaruka juu, au kamba moja iliyooza ikikatika inaanguka upande mmoja. Ivuliwe na kupimwa kwenye mizani kabla ya kuweka kamba mpya, na kamba zote za paneli moja zibadilishwe pamoja.

Ya mkeka msiiguse wenyewe. Ndani ya sanduku kuna bomba lenye springi kali iliyokazwa, na mtu akifungua bano la pembeni bila kuilegeza kwanza, springi hujizungusha kwa nguvu ya kuvunja mkono. Kinachoharibika huko mara nyingi ni utepe wa nyuma unaoshika vipande vya mbao, wa kitambaa au wa chuma chembamba. Mbao zenyewe huwa nzima. Utepe mpya unaweza kuwekwa na mbao zile zile zikarudishwa.

Jambo moja kuhusu roshani ya ukumbi wa nusu duara, hasa mkiwa na watoto. Reli ya kuzuia watu wasianguke ilikuwa chini zamani, mara nyingi pungufu ya inchi 36, wakati kanuni za leo hutaka 42. Ongezeni bomba jembamba la chuma juu ya reli ya zamani. Wala msigeuze roshani kuwa stoo. Sakafu ya mkutano yenye viti visivyofungwa leo husanifiwa kubeba ratili 100 kwa kila futi ya mraba, na roshani ya 1897 haikupimwa kwa kanuni hiyo. Vitabu vya nyimbo vilivyorundikwa ni vizito kuliko watu waliosimama. Na zile nguzo nyembamba za chuma mbele ya vyumba si mapambo: zimeshika roshani na mara nyingi sehemu ya paa. Kuvunja vyumba ni kuvunja hizo.

Mabenchi na sauti inayovuma

Kamati ina haki kulalamika, lakini dawa waliyoichagua haitibu. Tufanye hesabu. Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Harvard, alionyesha kwamba muda wa sauti kudumu hewani, kwa sekunde, ni 0.161 mara ujazo wa ukumbi kwa mita za ujazo, gawanya kwa jumla ya kinachofyonza sauti kwa mita za mraba. Chukueni ukumbi wa futi 60 kwa 60 wenye dari ya wastani wa futi 30: karibu mita 18 kwa 18 kwa 9, yaani mita za ujazo 2,916. Ukiwa mtupu, mbao, lipu na vioo vyake tuseme vinafyonza mita za mraba 200. Jibu ni sekunde 2.35. Mahubiri yanahitaji sekunde moja hadi moja na nusu, kwa hiyo maneno yatapandiana. Wakae watu 300, kila mmoja na nguo zake akiongeza takriban mita za mraba 0.43: mita za mraba 130 zaidi. Sasa ni sekunde 1.4.

Kwa maneno mengine, ukumbi ulisanifiwa kwa watu waliojaa, nanyi mko 180 mliotawanyika. Dawa ya kwanza haina gharama: kaeni pamoja mbele na katikati, mabenchi ya nyuma yafungwe kwa kamba. Ya pili ni mito ya kukalia kwenye kila benchi, hata lile tupu, kwa sababu benchi lenye mto linafanya sehemu kubwa ya kazi ya mtu ambaye hayupo. Ya tatu ni paneli nene za pamba ya madini, inchi 2 au zaidi na nafasi ya hewa nyuma yake, kwenye ukuta wa nyuma uliopinda. Ukuta uliopinda hukusanya sauti na kuirudisha mahali pamoja, kama kioo cha kukusanyia jua, na pengine ndiyo inayomsumbua mchungaji mimbarini.

Zulia sakafu nzima hufyonza sauti za juu peke yake. Herufi kama s, t na f hupotea, na besi ya gitaa na ngoma inabaki ikizunguka. Mtasikia ukumbi umekuwa mzito na bado hamyaelewi mahubiri. Tandikeni zulia kwenye njia za kupita na chini ya ngoma, panatosha.

Spika nazo zielekezwe kwa watu. Spika mbili kubwa zinazopiga dari na ukuta wa nyuma zinalisha mwangwi. Spika nyembamba ndefu za safu, zilizowekwa kila upande wa mimbari, hutupa sauti chini kwenye mabenchi. Na mkishafungua milango mkaweka spika ya pili kwa ajili ya ukumbi wa nyuma, icheleweshwe: sauti ya mimbari inahitaji kama milisekunde 53 kusafiri futi 60, kwa hiyo spika iliyo umbali wa futi 60 icheleweshwe milisekunde 60 hivi. Bila hivyo walioko nyuma watasikia kila neno mara mbili.

Mabenchi yenyewe yanakalisha watu wengi kuliko mnavyodhani. Benchi la futi 16 linakaliwa na watu 10, kwa kipimo cha kawaida cha inchi 18 kwa mtu. Miguu yake imekatwa kufuata mteremko. Kiti cha kawaida kwenye mteremko huo huegemea mbele, na mtu mzima hachoki kulalamika. Kusawazisha sakafu ni kujenga jukwaa juu yake: milango itahitaji ngazi, vizingiti vya madirisha vitakuwa chini, na kiti cha magurudumu kitakosa njia. Mkitaka nafasi ya viti vya magurudumu, kateni benchi mbili ziwe fupi karibu na mlango usio na ngazi, tena zikatwe na fundi anayeweza kurudisha ubao wa mwisho mahali pake.

Maji

Nimeyaacha hapa lakini pesa zenu za kwanza ziende huku. Mpango wa Akron una udhaifu mmoja: mapaa mengi yanakutana. Paa la ibada, la nusu duara, la mnara, na kati yao mabonde ya bati au shaba ambako maji yote hukimbilia. Theluji nayo hulala humo humo. Mara nyingi katikati ya nusu duara palikuwa na kioo cha paa, kikafunikwa baadaye kwa lami. Pandeni darini kwa tochi mvua ikinyesha, mfuate maji hadi yanakoingia, kwa sababu doa la dari huwa mbali na tundu. Mkiwa huko juu tazameni kama kuna nyaya za umeme za zamani zilizoshikwa na vifundo vya kauri. Zikiwa hai, msizifunike kwa pamba ya kuzuia baridi, zitapata joto na kuwasha moto. Muiteni fundi umeme.

Chini, mifereji ya paa isafishwe majani yakishaanguka, na udongo kuzunguka msingi uteremke inchi 6 katika futi 10 za kwanza.

Ukuta ukinyonya maji, usizibwe kwa simenti ngumu. Matofali na mawe ya wakati ule yalishikwa kwa mota laini ya chokaa ambayo hupumua. Simenti ya leo ni ngumu kuliko tofali, kwa hiyo unyevu hutokea kwenye tofali, unaganda wakati wa baridi, na uso wa tofali unabanduka. Mwashi achimbe kiungo kwa kina cha mara mbili hadi mbili na nusu ya upana wake, kwa patasi ya mkono, ajaze kwa tabaka zisizozidi robo inchi, kwa mchanganyiko kama wa simenti 1, chokaa 2, mchanga 9, au chokaa na mchanga peke yake kama matofali ni laini sana. Kazi hiyo isifanywe ikiwa joto liko chini ya nyuzi 40 za Fahrenheit.

Madirisha ya rangi yakishaanza kutuna, msiyasukume. Angalieni kama nyaya za shaba zinazoyafunga kwenye vyuma vya mlalo zimekatika, maana mara nyingi kuzifunga upya kunatosha kwa miaka kadhaa. Mkiweka kioo cha nje cha kinga, kiwe na matundu ya hewa chini na juu. Plastiki iliyozibwa pande zote hupika risasi inayoshika vioo.

Kuishi pamoja humo ndani

Milango mizuri ya mbao huzuia macho, haizuii sauti. Ibada ya wenyeji upande mmoja na mazoezi ya kwaya yenu upande wa pili hayaendi pamoja. Wekeni nusu saa kati ya ibada mbili, na pazia zito nyuma ya milango kwa ajili ya madarasa.

Makubaliano na wenyeji yaandikwe, hata kama mnapendana sana, kwa sababu wanaopendana leo watastaafu na kamati mpya zitaingia. Yaandike saa za kila kundi, nani ana funguo ngapi, jiko linaachwa katika hali gani, bili ya gesi inagawanywa vipi, nani analipa kikivunjika, na bima: ushirika wenu uwe na bima yake ya dhima inayowataja wenyeji pia. Kama kuna kinanda cha mabomba, chumba chake kifungwe kwa ufunguo na kisiwekwe kitu ndani. Joto la jengo katikati ya wiki lisishuke chini ya nyuzi 50 za Fahrenheit, mabomba ya maji yasije yakapasuka.

Waulizeni pia nani mwingine anatumia vyumba vya chini. Makundi ya Alcoholics Anonymous, yaliyoanza mwaka 1935 katika jiji lile lile la Akron, hukutana kwenye makanisa ya namna hii kote nchini, na kwa desturi yao hulipa gharama zao wenyewe. Kundi la skauti linaweza kuwa limekuwepo miongo mingi. Watu hao ni sehemu ya maisha ya kanisa hilo hata kama hawaonekani Jumapili. Msiwahamishe bila kuwaona.

Kabla ya kugusa chochote nje ya jengo, nendeni kwenye ofisi ya mji kuuliza kama kanisa limeorodheshwa. Orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria, iliyoanzishwa 1966, haimzuii mmiliki anayetumia fedha zake mwenyewe. Orodha ya mji ndiyo inayoweza kudai kibali. Shirika la Partners for Sacred Places la Philadelphia, lililoanzishwa 1989, husaidia makanisa ya madhehebu yote katika mambo haya, na kwao idadi ya makundi ya jamii yanayotumia jengo ni hoja yenye nguvu mnapoomba msaada.

Na Jumamosi hii, kabla ya seremala na mhandisi, kaeni na wale wazee wenyeji mwaulize mambo matatu: michoro ya awali iko kabati gani, maji ya jengo yanafungwa wapi, na mpini wa kuzungushia milango uko wapi. Baadhi ya milango ya mkeka ilikuwa na mpini wa chuma unaochomekwa ukutani, na mara nyingi bado upo kwenye droo fulani bila mtu kujua ni wa nini. Kuna bibi mmoja hapo aliyekuwa mtoto wa Shule ya Jumapili katika vyumba hivyo, au mama yake alikuwa. Mwambieni awaonyeshe.